Eti mhusika wangu ana JINI MAHABA!

Sahiba_wa_Pwani:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia. Yule bwana mnamjua. Yule anayesoma kurasa nne halafu anaongea kama kameza maktaba nzima. Jana jioni, kwenye kikao chetu cha kusomeana hadithi, kafunga muswada wangu kwa kishindo, kavua miwani, kasema: "Huyu binti ana jini mahaba. Apelekwe kwa mganga kwanza, ndipo hadithi iendelee."

Jini mahaba!

Watu walicheka hadi nikadhani dari linashuka. Miaka mitatu naandika, wakuu. Binti wa mfalme anavuka bahari saba kumkomboa sahiba yake aliyegeuzwa korongo. Anapambana na zimwi, anatoa miaka kumi ya umri wake iwe fidia, anarudi naye kisiwani wanapanda mikarafuu. Mwana wa mfalme anakuja kuposa, binti anakataa kwa adabu, kwa kuwa hajawahi kumtazama mtu yeyote kwa jicho hilo na wala jambo hilo halimkoseshi usingizi. Ni aromantiki. Moyo wake hauna mahaba, upendo umejaa hadi unamwagika. Mtu anatoa miaka kumi ya uhai wake kwa ajili ya mwenzake, na yule bwana kaona nini? Jini!

Lugha yetu ina upendo, ina mahaba, ina huba, ina usuhuba, ina udugu. Wazee walikosa kazi hata watunge maneno yote hayo kwa kitu kimoja?

Eti "hadithi ya kichawi bila busu haijakamilika." Nani kamfundisha? Kwenye toleo la kwanza la hadithi za ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, la 1812, yule binti mweupe kama theluji haamshwi na busu. Mtumishi aliyechoshwa na kubeba jeneza anampiga mgongoni kwa hasira, kipande cha tufaha kinaruka kutoka kooni. Chura wao naye habusiwi, anabamizwa ukutani! Andersen, mtunzi wa Denmark, mwaka 1844 katoa Malkia wa Theluji: Gerda anamfuata Kai hadi kwenye barafu ya kaskazini, na machozi yake ndiyo yanayouyeyusha moyo wa mwenzake. Watoto wa majirani, waliopendana kama kaka na dada. Na Frozen ya Disney ya 2013, ambayo watoto wenu wanaiimba hadi usingizini, tendo la upendo wa kweli ni la dada kwa dada: Anna anajitupa mbele ya upanga kumkinga Elsa. Elsa hana mchumba. Ikaja ya pili 2019, bado hana. Mbona Elsa hapelekwi kwa mganga?

Sijalala. Nikifumba macho naiona ile miwani inavuliwa, halafu nasikia: jini mahaba. Na nitasema hili hapa hapa, mtakaocheka mcheke. Binti yule nimemwandika hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Shangazi zangu wameshanifanyia visomo viwili. Sasa jana, mbele ya watu wote, nimefanyiwa cha tatu.

Mzee_wa_Kahawa:
Nimevuta kiti. Kashata zipo.

Fundi_Maneno:
Mleta mada, bahari saba zote hizo halafu hakuna harusi hata moja? Mimi ningeufunga huo muswada bahari ya pili. Pole lakini.

Sahiba_wa_Pwani:
Umesoma nilichoandika, au umeruka kama yeye?

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa:
Dada, pole sana. Bibi yangu alitusimulia kisa cha Sultani Darai. Maskini anamnunua paa kwa thumuni, paa anamposea binti wa sultani, anamuulia joka lenye vichwa saba, anampatia nyumba. Paa akiugua, bwana wake hata kwenda kumtazama hataki, anaagiza apewe uji wa mtama. Sisi watoto tulimlilia paa hadi tukalala. Harusi hakuna aliyeikumbuka.

Fundi_Maneno:
Kwa hiyo paa naye alikuwa aromantiki?

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa:
Paa alikuwa na shukrani. Wewe huna hata hiyo.

Vina_na_Mizani:
Huyo bwana niachieni mimi. Mwaka jana kasoma shairi langu kasema mizani imezidi. IMEZIDI! Tarbia, nane kwa nane, nimehesabu kwa vidole, mke wangu kahesabu kwa kunde, zote zimetimia.

Sahiba_wa_Pwani:
Ndugu yangu, mizani inahesabika. Mimi nimeambiwa nina jini.

Vina_na_Mizani:
Na mimi niliambiwa shairi lina kigugumizi, wakwe zangu wamekaa safu ya mbele. Usinipimie uchungu.

Chai_ya_Tangawizi:
Mimi namuunga mkono mleta mada. Hadithi zote kuishia harusini ndiyo chanzo cha hii michango. Mwezi huu nina kadi nne.

Fundi_Maneno:
Nne unalia? Mimi saba. Moja ni ya sendofu ya mtu nisiyemjua kabisa, namba yangu kaitoa wapi sijui.

Mzee_wa_Kahawa:
Mimi nimeamka nimekuta niko kwenye kundi la kamati, nimeshateuliwa mweka hazina. Nimetoka, wamenirudisha. Nimetoka tena, wamenirudisha na salamu za baba wa bwana harusi.

Sahiba_wa_Pwani:
Wakuu, mada. Kavua miwani, kasema jini mahaba. Mbele ya watu wote.

Vina_na_Mizani:
Mzee wa Kahawa, zima simu wiki mbili. Mimi ndiyo ilinisaidia.

Chai_ya_Tangawizi:
Fundi, hao wa sendofu wanataka singo au dabo?

Fundi_Maneno:
Dabo. Na mimi naishi peke yangu.