Kangaga la kiota: mistari ya kahawia chini ya jani ni ugonjwa?

BustaniTabata: Habarini wadau, nimenunua kangaga pale barabarani Mikocheni, lile la majani marefu yamejipanga kama bakuli, muuzaji akasema asili yake Asia. Leo nageuza jani nakuta mistari ya kahawia imelala mshazari toka mshipa wa kati, imepangana kama meno ya kitana, nikigusa vumbi linabaki kidoleni. Ni fangasi? Nikate?

MzeeWaMiche: Usikate mwanangu! Hizo spora, ndo uzazi wake, kangaga halina ua wala mbegu. Kitaalamu ni Asplenium nidus, hilo nidus ni kiota kwa Kilatini. Huko misitu ya mvua ya Malaysia na Indonesia linakaa juu ya miti, na halinyonyi mti hata kidogo, limejishikiza tu, majani makavu yakidondoka yanaingia kwenye bakuli yanaoza humohumo yanakuwa mboji mizizi inakula hapo. Borneo yapo yanayofika kilo 200, ndani sisimizi, mende, jongoo, yaani kijiji kizima! Mi linanishangaza mpaka leo.

KitaluKigamboni: Jua la mchana la hapa Dar litaliunguza, weka kivulini. Na maji mwaga pembeni kwenye udongo, kwenye chungu ukijaza katikati machipukizi yanaoza.

BustaniTabata: Asante mzee wangu, asanteni wote. Nimelihamishia chini ya mwembe, na kuna jani jipya linatoka limejikunja kama konokono.