Samaki wa Magadi: mwanangu amekosea wapi?

Mama Achieng, Umoja

Hamjambo nyote. Binti yangu yuko kidato cha nne. Kwenye mtihani wa biolojia waliulizwa waeleze jinsi samaki wa Ziwa Magadi walivyofikia kuishi katika maji yenye pH (kipimo cha asidi na magadi majini; 7 ni ya kati) ya karibu 10. Alama nne. Akaandika: "Maji yalipokuwa makali, samaki walibadilisha miili yao ili wasife, kisha wakazaa watoto wenye miili hiyo." Kapata sifuri, na pembeni hakuna maelezo yoyote.

Mimi nauza nafaka, na magadi nayajua. Wateja wanapikia maharagwe na mrenda. Ukiyashika kwa mkono uliolowa, yanateleza kama sabuni. Sasa kiumbe anaishije humo? Na jibu la mtoto lina kasoro gani? Sitaki akariri. Nataka aelewe, nami nielewe.

Mwalimu wa Bio na Kemia, Eastlands

Mama Achieng, kosa hilo nakutana nalo kila ninaposahihisha, na linastahili maelezo kuliko sifuri tupu. Binti ameanza na haja ya samaki, kana kwamba kuhitaji kitu kunatosha kukipata. Hakuna samaki aliyeubadilisha mwili wake.

Miaka kama 10,000 iliyopita bonde la Magadi lilikuwa na ziwa kubwa zaidi, lenye maji yasiyo makali hivi. Wanajiolojia huliita Orolonga. Hali ya hewa ikawa kavu, ziwa likanywea. Kwa kuwa maji hayana pa kutokea, yaligeuka mvuke kwa jua huku soda, yaani magadi, ikibaki. Perege, ndio samaki wenyewe, waliokuwamo hawakulingana. Wachache walizaliwa na uwezo wa kustahimili ukali kidogo kuliko wenzao. Hao ndio waliozaa sana, na watoto wakaurithi uwezo huo. Wengine walikufa au wakazaa kidogo. Tofauti zilikuwapo kwanza, maji yakachuja baadaye. Ni vilevile kwa mbu wanaotua kwenye chandarua chenye dawa wasife: dawa haikuwafunza kitu, iliwamaliza wenzao tu.

Sasa uone kemia inavyoingia, maana hapa ndipo ninapopapenda. Samaki wa kawaida hutoa taka yake kama amonia kupitia matamvua. Amonia ikifika majini hunasa ioni za haidrojeni, zile zile zinazofanya asidi iwe asidi, na hilo huifungulia njia amonia nyingine itoke. Maji ya pH 10 yana ioni hizo mara 1,000 pungufu kuliko maji ya pH 7. Amonia ingebaki mwilini imuue. Perege wa Magadi huigeuza kuwa urea, ile taka ya kwenye mkojo, kama ini letu linavyofanya, na urea hutoka bila kutegemea asidi ya majini. Silabasi ya binti yako iliweka asidi kidato cha kwanza na mageuko kidato cha nne, na watoto wengi hawaambiwi kamwe kwamba mambo haya yanakutana ndani ya samaki mmoja.

Mzaliwa wa Magadi

Mwalimu kasema kweli. Hao samaki hawako katikati ya ziwa, kule ni gamba la soda, jeupe na mahali pengine la waridi. Nenda pembeni kwenye chemchemi za maji moto. Utawaona, wadogo wa kidole, wakikwangua mwani kwenye mawe. Ukisogeza kivuli chako tu, wametawanyika.

Mama, ukiweza mpeleke. Ni barabara ya Kiserian, na njiani mtapita Olorgesailie, kwenye shoka za mawe za watu wa kale, zimeachwa palepale zilipokutwa. Bebeni maji mengi, joto la huko si la Nairobi.

Kidato cha tatu, Buruburu

Mama Achieng, magadi unayo, basi nunua kabeji ya zambarau. Ichemshe, uchuje maji yake. Tia ndimu kwenye kikombe kimoja, yatakuwa mekundu. Tia magadi kwenye kingine, yatakuwa ya kijani. Ukimwaga ndimu juu ya magadi, kutatoka povu: ni kaboni dayoksaidi. Tulifanya hivyo nyumbani na dadangu mdogo akaelewa pH kuliko alivyoielewa kitabuni.

Mama Achieng, Umoja

Mungu awabariki. Nimemsomea yote, ameandika upya: "Kati ya samaki wa zamani, baadhi walizaliwa wakistahimili maji makali kuliko wengine. Ziwa liliponywea, hao waliishi na kuzaa zaidi, wengine wakafa. Baada ya vizazi vingi, waliobaki wote walikuwa wa aina hiyo." Mwalimu, ungempa ngapi?

Mwalimu wa Bio na Kemia, Eastlands

Tatu. Aongeze kwamba uwezo huo hurithiwa kupitia jeni, nampa ya nne.