Wakelti ni akina nani hasa? Nimeanzia kwa Victor Wanyama nimeishia Roma

kijiwe_cha_juu: Wakuu habari za muda huu. Mimi Celtic naijua ile timu ya mpira ya Glasgow tu, ile ya 2012 Wanyama anawapiga Barca kichwa cha kona. Sasa juzi dogo langu kauliza hilo jina maana yake nini, nikamwambia ni timu tu akanicheka. Kuingia mtandaoni nakuta Wakelti, Wagalli, Waairishi, miaka ya KK na BK kichwa kikagoma kabisa. Walikuwa na mfalme wao mmoja? Na miaka ipi ya kushika?

mzee_wa_ramani: Mkuu, mfalme mmoja hawajawahi kuwa naye. Ni kama useme Wabantu, lugha zinakaribiana ila kila kabila na chifu wake. Shika kama 390 KK, chifu wao mmoja Brennus anaingia Roma anaichoma, wakakubaliana apewe ratili 1,000 za dhahabu aondoke. Warumi wenyewe wanasimulia kwamba walipolalamika mizani imechezewa, jamaa akatupa na upanga wake juu ya mawe ya mizani, mtaongeza na huu. Halafu 52 KK, Vercingetorix, huyo ndo aliyeyakusanya makabila ya Gallia (Ufaransa ya leo) dhidi ya jemedari wa Roma, Julius Caesar. Akabanwa mlimani Alesia, Caesar kajenga ukuta kuzunguka mji, halafu ukuta wa pili nyuma yake mwenyewe kwa ajili ya wanaokuja kuokoa. Chakula kikaisha ndani, wenyeji wakatolewa nje na wake zao na watoto, Caesar akakataa kuwapokea hata kama watumwa. Wakabaki hapo katikati. Mimi hapo ndo huwa nashindwa kumsifia Caesar. Vercingetorix akajisalimisha, akawekwa ndani mpaka 46 KK, akapitishwa kwenye gwaride la ushindi Roma ndo akauawa.

dada_wa_makabrasha: Mmemaliza wanaume mmemsahau malkia wao Boudica jamani 😏 60 au 61 BK huko Uingereza. Mumewe kafa kaacha wosia, mali wagawane mabinti zake na Nero, mfalme wa Roma, Warumi wakabeba zote, mama kachapwa viboko na mabinti wakabakwa. Akachoma Colchester, London na St Albans, mpaka leo wakichimba London chini kabisa wanakuta tabaka jekundu la huo moto. Mwisho alishindwa lakini walimkoma.

mwinjilisti_mstaafu: Na wale Wagalatia wa Paulo, aliowauliza nani kawaloga? Jina la Galatia limetoka kwa Wakelti hao hao waliovuka kuingia Uturuki ya leo 278 KK, kule upande wa Ankara.

kijiwe_cha_juu: Eee kumbe kanisani nawasikia kila mwaka!! Sasa mbona stori zote za Warumi, wenyewe hawakuandika?

mzee_wa_ramani: Makuhani wao, madruidi, mafundisho yote kichwani, Caesar anasema wengine walisoma miaka 20 na kuandika marufuku. Na dogo mwambie timu ilianzishwa 1887 na bruda mmoja Muairishi, Walfrid, hela ya kulisha watoto maskini wa Glasgow.