Mjadala: Udahili urudi mlango mmoja TCU, au tuendelee kuomba chuo kwa chuo?

MtotoWaMpunga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Matokeo ya kidato cha sita hayako mbali, na safari hii mdogo wangu wa kike ndiye anayeyasubiri. Kabla hajaanza kuhangaika, nataka tuliseme hili jambo waziwazi.

Kwa walio wageni: kuanzia 2010 TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ilikuwa na udahili wa pamoja, ule tuliouita CAS. Unaomba mara moja, unapanga kozi na vyuo unavyovitaka kwa mfuatano, TCU inakupangia. 2017 Rais Magufuli, akizindua hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), akaagiza TCU iache kuwapangia watoto vyuo. Tangu hapo unaomba chuoni moja kwa moja, na kila chuo na ada yake ya maombi.

Msimamo wangu: utaratibu huu unamfaa mtoto ambaye kwao kuna mtu alishapita chuo. Sisi wa kwanza kwenye ukoo unatukaba.

Mimi ni wa Nzega. Nyumbani hakuna aliyekuwa amevuka darasa la saba. Matokeo yalipotoka nilikuwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na kambini kwetu simu hatukuwa nazo. Kabla ya kuondoka nilimwachia baba kikaratasi: namba ya mtihani, kombi HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na maneno matatu, "ualimu, Dar, Dodoma". Baba akakikunja akakitia kwenye kofia, akaenda nacho steshenari jirani na stendi. Kijana wa pale akaniombea vyuo vitatu. Kila chuo 10,000, na yeye 5,000 kwa kila fomu. Hapo ni 45,000, mpunga umeshauzwa, na ada ya fomu ya mkopo, 30,000, bado inasubiri.

Baba hakuwa na barua pepe, kijana akaweka yake. Palipotakiwa namba ya simu, akaweka yake pia.

Dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya udahili, nikachaguliwa vyuo viwili. Mnajua utaratibu: ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, unathibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Ujumbe ukaenda kwa kijana wa steshenari, naye alikuwa amesafiri msibani. Baba alipita pale mara mbili akakuta kufuli. Mimi nikatoka kambini na kipara changu nikijua tayari ni mwanachuo, kumbe ujumbe umelala kwenye simu ya mtu, katikati ya matangazo ya kubeti. Muda ulikuwa umeisha. Dirisha la pili nikaambulia kozi ambayo jina lake nilikuwa sijawahi kulisikia. Nimeisoma, nimemaliza, nina kazi. Lakini ualimu ndio ulikuwa wangu.

Turudishe mlango mmoja: fomu moja, malipo mara moja, majibu sehemu moja. Karibuni mnipinge.

Mhenga2013

Pole mkuu. Ila CAS unayoililia hukuionja. Mimi nimepita humo 2013. Niliweka sheria nafasi ya kwanza, na mwishoni nikajazia kozi moja ili tu nafasi isibaki wazi. Ndiyo niliyopangiwa, tena mkoa ambao sina hata shangazi. Nikaenda chuoni kulalamika, wakasema nenda TCU. TCU wakasema rudi chuoni. Nauli yenyewe ilikuwa ya kukopa.

Leo ukikosa hapa unaomba pale, uamuzi ni wako. Halafu tuambizane ukweli: kijana wa steshenari angeweka namba yake hata kwenye CAS. Tena huko ukipoteza mlango umepoteza vyuo vyote kwa mpigo.

TichaMkongwe

Nafundisha kidato cha tano na sita, mwaka wa kumi na nne huu. Nakubaliana na Mhenga nusu. Hata mlango uwe mmoja au iwe hamsini, mtoto wetu hajui kusoma kilichoandikwa juu ya mlango.

Chukueni vigezo. Shahada inataka ufaulu wa masomo mawili ya msingi, jumla pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mtoto mwenye D mbili anapiga hesabu, anaona nne imetimia, anashangilia. Hajui kwamba hiyo ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu. Chuo kinaweza kudai zaidi, kozi inaweza kudai somo fulani, na wenye B wako mbele yake kwenye foleni hiyohiyo. Yote yamo kwenye mwongozo wa TCU, lakini mwongozo wenyewe ni wa Kiingereza, majedwali kurasa kwa kurasa, na mtoto anausoma kwenye simu ambayo kioo kimepasuka.

Nilikuwa na binti wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), ufaulu wake wa kati. Akaomba udaktari chuo cha kwanza, udaktari chuo cha pili, udaktari chuo cha tatu. Akakosa vyote. Uuguzi na maabara angepata, hakuna aliyemwambia aweke hata kimoja. Mimi nilikuwa likizo, niko shambani. Watoto wanaondoka Mei, matokeo yanatoka Julai, na hapo katikati hawana mwalimu wala shule. Tunajua kuwafaulisha, kuwasindikiza hatujui. Hilo nalisema nikijihesabu na mimi.

MamaWatatu

Wanangu, mnabishania udahili kana kwamba barua ya chuo inalipa ada. Kwa sisi wajane chuo ni mkopo. Mkopo ukikosekana, ile barua unaiweka kwenye kabati.

Mtoto wangu wa kwanza alipoomba tulikuwa vipofu wote. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha baba yao nacho kihakikiwe. Uchapishe fomu, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, uende kwa hakimu au wakili, mdhamini asaini aweke na picha, kisha urudishe yote mtandaoni. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alitaka "hela ya wino". Nikatoa, nifanyeje? Fomu ikarudi na maelezo kwamba kuna ukurasa hauna saini. Tulikuwa tumebakiza siku mbili.

Wa tatu nilimsimamia mwenyewe nikiwa jikoni. Nyaraka zote zilikuwa kwenye bahasha ya kaki tangu Machi, vyeti vimeshahakikiwa, mdhamini anajua siku yake. Siku moja na nusu tumemaliza. Mfumo ni uleule, mwanangu, mimi ndiye niliyeujua.

Kalamu_Nyeusi

Mleta mada tafuta hela, mambo ya CAS yamepita.

JiraniWaTaveta

Naomba nichangie kutoka upande wa Kenya, maana naona mnatamani kitu tulicho nacho. Sisi mlango ni mmoja, KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, iliyochukua nafasi ya bodi ya zamani, JAB. Mtoto aliyepata C+ kwenda juu anaingia kwenye tovuti, anachagua kozi kulingana na alama zake za klasta (yale masomo kozi inayoyaangalia), anapangiwa. Raha, sivyo?

Sasa njoo uone huku kijijini. Mtoto anaenda saiba, duka la intaneti. Jamaa wa saiba anamwuliza, "Unataka nini?" Mtoto anasema, "Chochote kizuri." Jamaa anamwekea kozi zilezile alizomwekea wa jana, kwa kuwa anajua alama zinatosha. Binamu yangu alisomea kilimo cha bustani kwa njia hiyo, na kwao hawana hata mche wa sukumawiki. Halafu ombi la mkopo na ufadhili ni tovuti nyingine, maswali mengine, na tangu mfumo wa 2023 lazima ueleze umaskini wako wote ndipo upangwe kwenye bendi, yaani daraja la uhitaji. Mlango mmoja, sawa. Ila anayeshika kitasa bado ni yule wa saiba.

Dawatini

Nafanya kazi kwenye udahili, chuo sikitaji. Mengi yamesemwa vizuri, hasa ya Ticha. Naongeza moja la upande wetu: mwombaji tunamwona kama namba ya mtihani, barua pepe na simu. Basi. Kuna msimu tulikuta simu moja imetumika kwa waombaji zaidi ya thelathini. Tukaipiga, tukiogopa ni utapeli. Akapokea mama mmoja mwenye duka la kuchapisha, anatuambia kwa fahari kwamba hao wote ni watoto wake.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye ofisi ya udahili ya wilaya nzima, bila mshahara na bila mafunzo.

MtotoWaMpunga (mleta mada)

Nimesoma wote. Mhenga umenipunguza kasi, sikujua kuhusu ile kozi ya kujazia. Jirani naye kanivunja mbavu na sukumawiki. Bado nasema mlango mmoja ungempunguzia baba gharama. 10,000 mara tatu si kitu kwa mwenye mshahara, kwa mkulima ni debe zima. Hapo sirudi nyuma. Lakini nakubali kwamba nilichokosa mimi hakikuwa mfumo tu. Alikosekana mtu wa kumwambia baba, "Mzee, weka namba yako."

Mama yangu, hiyo bahasha ya kaki naichukua kama ilivyo. Kesho naanza na RITA.

Kalamu_Nyeusi, hela natafuta, asante.

Dawatini, swali moja. Mdogo wangu nimeshamnunulia laini, imesajiliwa kwa jina lake. Ila rafiki yake wanaosoma pamoja alifunguliwa akaunti juzi steshenari, na namba ni ya mwenye duka. Inabadilishika, au imeshakula kwake?

Dawatini

Inabadilishika. Aombe barua pepe na nenosiri lililotumika, aingie abadilishe mwenyewe kabla dirisha halijafungwa. Mfumo ukigoma, apige dawati la udahili la chuo husika akiwa na namba yake ya mtihani mkononi. Awahi kabla chuo hakijapeleka majina TCU, kwa sababu yakishakwenda, ujumbe unafuata namba iliyoandikwa. Na mwenye duka asigombane naye. Bado atamhitaji kwenye fomu ya mkopo.