Naomba ushauri: Mombasa hadi Mambrui na mama, bila haraka

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi ujao nataka kumchukua mama twende kwa gari pole pole hadi Malindi, na tukijaaliwa tufike Mambrui. Kutoka hapa Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 tu, watu huenda na kurudi siku moja, lakini mimi nimetenga siku 4. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tangu baba afariki hajatoka Kisauni. Alizaliwa Takaungu. Bado husimulia walivyokuwa wakivuka hori ya Kilifi kwa feri kabla ya daraja kujengwa, kuku wamefungwa miguu, yeye kashika kanga ya nyanyake asipotee.

Kwa hiyo Takaungu lazima tushinde. Je, kuna pa kulala pasipo na ngazi, au turudi Kilifi mjini? Na barabara ya kuingia ikoje mvua ikinyesha? Gari letu liko chini.

Gede ndipo ninaposita: magofuni kuna mizizi mingi, naye atembea na mkongojo. Aliyempeleka mzee pale tafadhali anieleze.