Kuchoma shamba la maweni: je, pampu na mpira wa maji vinatosha kuuzuia moto?

Mkulima wa Micheweni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefyeka shamba la maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba) la takriban eka 2, na ninakusudia kulichoma kabla ya masika ili nipande mtama na kunde. Upande wa kusini magharibi limepakana na msitu wa hifadhi wa shehia, na sheha (kiongozi wa shehia) ameridhia kwa sharti kwamba moto usivuke mpaka. Ninaweza kukodi pampu ya petroli, mpira wa mita 50 na tangi la lita 1,000. Je, nikilowesha mpaka tu, bila ya kusafisha njia ya kukinga moto, itatosha?

Bwana Misitu Mstaafu
Waalaykum salaam. Haitoshi, kwa sababu majani makavu yaliyoloweshwa hukauka upesi kwa jua na upepo wa kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki, na huenda yakawa yameshakauka moto unapoyafikia. Safisha kwanza ukanda wa mita 3 au zaidi mpaka mwamba uonekane, na takataka uzitupe ndani ya shamba, si msituni. Ukingo wa msitu ulowesheni kwa maji dakika chache kabla ya kuwasha.

Washeni asubuhi, upepo haujapata nguvu, mkianzia kwenye ukanda huo huo wa kusini magharibi, ili moto urudi nyuma dhidi ya kaskazi. Utakwenda polepole na ndimi fupi, na kadiri sehemu iliyoungua inavyopanuka ndivyo msitu unavyozidi kuwa salama. Wengi huwasha upande unakotoka upepo kwa kuwa kazi huisha mapema, nao ndio tunaoitwa kuwasaidia.

Fundi Pampu, Chake
Naomba niongeze hesabu. Pampu inayotoa lita 100 kwa dakika humaliza tangi lako kwa dakika 10, kwa hiyo usiifungulie mfululizo. Tumia mdomo wa mpira unaofungika, wenye mnyunyizo mpana wa kulowesha na mkondo mmoja wa kufikia mbali. Mpira mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya maji, na kila mita 10 za kupanda hula takriban bar 1 ya nguvu hiyo (bar ni kipimo cha msukumo wa maji). Robo ya tangi isiguswe mpaka moto uzimike.

Tafuta pia mabomba ya kunyunyizia ya kubeba mgongoni, ya lita 16, kwani hufika pale ambapo mpira haufiki, ila yasiwe yaliyotiwa dawa ya magugu. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvichumvi, isuuze pampu kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Bi Mkulima, Makunduchi
Kaka yangu, kwenye maweni shida kubwa huja baada ya ndimi kuzimika. Mizizi huendelea kuungua ndani ya nyufa, na maji ukiyamwaga juu juu hupenya pembeni, kaa likabaki vile vile. Fukua kwa mtarimbo, mimina, koroga, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto, rudia. Ukingo wote wa msitu ukaguliwe jioni, na tena kesho yake asubuhi.

Mkulima wa Micheweni
Ahsanteni sana. Ukanda tutausafisha kwanza, wa mita 4 upande wa msitu. Tangi litakaa juu ya gari ya ng'ombe karibu na njia, na mabomba nitaazima kwa wenzangu wa ushirika, yale ya maji peke yake.