Foleni mjini inatugharimu nini hasa?

Swali: Jamani wadau, kila mtu analia na mafuta yanayoungua gari likiwa limesimama, ila hasara kubwa ya foleni si ni muda?

Mdau 1: Muda kabisa. Na sio ule wa kukaa tu, maana usipojua utafika saa ngapi inabidi utoke nyumbani mapema mno kila siku, lori nalo badala ya tripu tatu linapiga mbili, mwenye mzigo anapandisha bei na sisi ndo tunalipa.

Mdau 2: Kuongeza barabara peke yake hakusaidii, zinajaa tena. Singapore walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji 1975, London 2003, na magari yakapungua kweli. Ila mabasi ya uhakika yawepo kwanza, la sivyo ni kumuonea asiye na njia nyingine.